Kwetu Taa Zote Kijani, Kwako Pesa Imekwama

Jumamosi moja jioni mteja wetu mmoja wa Kangemi alitoka nyumbani amebeba mtungi wa gesi wa kilo 6, uliomwishia katikati ya kupika. Dukani akaweka nambari ya duka, akaandika shilingi 1,150, akabonyeza PIN. Simu ikamwambia ombi lake linashughulikiwa. Halafu kimya. Mwenye duka akaangalia simu yake, akatikisa kichwa. "Mama, hapa kwangu hakuna kitu kimeingia."

Wakangoja. Nyuma yake foleni ilikuwa imeanza kujipanga. Watoto wako nyumbani, sufuria iko kwa jiko lililozimika, na ile aibu ya kusimama mbele ya watu ukionekana kama huna pesa sote tunaijua. Akampigia mtu wetu wa huduma kwa wateja, akaambiwa mtandao uko sawa, ajaribu tena. Akalipa tena. Mara hii meseji ilikuja, akapewa mtungi, akaenda zake. Alikuwa anawasha jiko wakati meseji ya malipo ya kwanza ilipoingia. Gesi moja, shilingi 2,300.

Bahati nzuri mwenye duka ni mtu wanayejuana, akamrudishia. Lakini Jumatatu alitupigia tena, na swali lake ndilo lililozaa makala haya: "Mliniambia mtandao uko sawa. Uko sawa kwa nani?"

Aliyepokea simu yake Jumamosi hakudanganya. Ofisini tuna skrini kubwa ukutani inayoonyesha hali ya mitambo: seva ziko hai au zimelala, maombi mangapi yanaingia kila sekunde, mangapi yamekataliwa. Ikiwa sawa ni kijani, ikiwa na shida ni nyekundu. Jioni ile ilikuwa kijani tupu. Tuliporudi kwenye kumbukumbu tukaona malipo yake ya kwanza yalikamilika ndani ya sekunde 2. Pesa ilitoka kwake, ikaingia dukani, kitabu kikafungwa. Kilichokwama ni meseji za kuwajulisha yeye na mwenye duka. Zilikuwa zimepanga foleni mahali ambapo skrini yetu haikuwa ikiangalia kabisa, kwa sababu kwa hesabu yetu kazi ilikuwa imeisha.

Kwa hesabu yake kazi haikuwa imeisha mpaka simu ya mwenye duka ilie. Na yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Safari ya malipo yako

Ili uelewe shida inajificha wapi, hebu tufuate malipo yako tangu unapobonyeza.

Ukitumia ile njia ya nyota na alama ya reli, inayoitwa USSD, simu yako inaongea na mnara kupitia njia ndogo ambayo simu na mnara huitumia kupeana habari za kikazi. Haihitaji bando, ndiyo maana inafanya kazi hata kwa mulika mwizi. Kila ukurasa wa menyu una nafasi ya herufi 182 tu, na hiyo ndiyo sababu menyu zake huwa zimefupishwa mpaka zinachekesha. USSD ni maongezi ya moja kwa moja kama simu ya kawaida: mkikatika, hakuna mahali maongezi yamehifadhiwa. Ukichelewa kujibu, kwa mfano umeinua kichwa kumuuliza mwenye duka nambari yake, maongezi hufungwa na unaanza upya.

Kutoka kwa mnara ombi linapita kwa kampuni ya simu, linaingia kwenye lango la kuunganisha mitandao, ndipo linafika kwetu. Sisi tunaangalia salio, tunaangalia PIN, tunahamisha pesa. Kama pesa inaenda au inatoka benki, kuna hatua nyingine ya kwenda huko na kurudi. Kisha tunatoa meseji mbili, moja yako na moja ya unayemlipa. Meseji hizo zinapitia kituo cha SMS cha kampuni ya simu, na hapa tabia inabadilika. SMS si maongezi, ni barua. Kituo kikikosa simu yako kinaihifadhi, kinajaribu tena baadaye, na kila kinapokosa huwa kinangoja muda mrefu zaidi kabla ya kujaribu tena. Ndiyo maana mtu akiwasha simu asubuhi meseji humwagika zote kwa mpigo.

Kwa hivyo kwenye malipo hayohayo pesa inasafiri kwa njia moja na habari za pesa zinarudi kwa njia nyingine. Ya kwanza inaweza kuwa nyepesi kabisa na ya pili imeziba. Pesa imefika, habari bado. Mteja wa Kangemi alikuwa amesimama hapo katikati.

Wastani ni mwongo mtaratibu

Kabla ya kisa kile tulikuwa tukijipima kwa wastani. Inaonekana ni haki, lakini wastani una ujanja wake.

Tuseme malipo 100 yamepita. Malipo 95 yamechukua sekunde 3 kila moja, na 5 yamechukua dakika nzima. Jumla ni sekunde 585, kwa hivyo wastani haufiki hata sekunde 6. Ukiweka hiyo 6 kwenye ripoti kila mtu anatabasamu. Lakini hakuna hata mmoja kati ya wale 100 aliyengoja sekunde 6. Wengi hawakuhisi kitu, na watano walisimama kwa kaunta dakika nzima wakitazamwa. Tena wale watano mara nyingi si watu waliosambaa ovyo. Ni soko moja, mtaa mmoja, jioni moja, mnara mmoja uliolemewa. Kwa hao, siku hiyo huduma yetu ilikuwa imekufa, na ripoti yetu ilisema iko safi.

Sasa tunauliza swali tofauti: ukiwapanga wateja wote kuanzia aliyehudumiwa haraka hadi aliyengoja zaidi, yule wa 95 katika kila 100 amengoja muda gani? Na wa 99? Huyo ndiye tunayemfuata. Na tunamwangalia kwa eneo na kwa saa, si kwa nchi nzima, kwa sababu hakuna mtu anayelipia gesi "nchi nzima".

Mtu anaweza kuvumilia kwa muda gani, hilo si jambo la kukisia. Jakob Nielsen, mtaalamu wa jinsi watu wanavyotumia kompyuta, aliandika mwaka 1993 kuhusu vipimo vitatu ambavyo bado vinatumika. Jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, unaona ni papo hapo. Likifika ndani ya sekunde 1, unahisi kuchelewa lakini mawazo yako hayakatiki. Likipita sekunde 10, umeshaanza kufikiria mambo mengine. Yeye alikuwa akizungumzia watu waliokaa mbele ya kompyuta. Pesa ikiwemo na mtu akiwa amesimama mbele yako, sisi tunadhani uvumilivu ni mfupi zaidi, na kinachokuja akilini baada ya hizo sekunde 10 ni kubonyeza tena.

Simu zinazolipana zenyewe

Njia ya kwanza tuliyoongeza ni rahisi kuliko watu wanavyofikiria. Tulichukua simu za kawaida, zingine za kugusa na zingine mulika mwizi, tukaweka laini za kawaida, tukazisambaza maeneo tofauti. Kazi yao ni kutumiana shilingi 10 mchana na usiku. Saa inaanza kuhesabu wakati nyota ya kwanza inabonyezwa na inasimama wakati meseji imefika kwenye simu ya pili. Inasimama hapo, si wakati seva yetu imesema imemaliza.

Simu hizo zimetufunza mambo ambayo hakuna seva ingetuambia. Moja tuliiweka dirishani na ikawa inatupa matokeo mazuri ajabu kuliko malalamiko ya watu wa eneo hilo. Tukaihamishia nyuma ya duka, ndani ya kuta za mabati, mahali muuzaji hukaa kweli. Matokeo yakabadilika siku hiyohiyo. Mabati hupunguza nguvu ya mawimbi ya simu, na wateja wetu wengi hufanyia biashara ndani ya mabati. Nyingine iliacha kupokea meseji kabisa. Tukashuku mnara, tukashuku kituo cha SMS, tukaandika barua pepe kali. Kumbe kisanduku cha meseji kilikuwa kimejaa. Simu ndogo za zamani zikijaa hazipokei meseji mpya mpaka ufute zingine. Barua pepe ile tuliifuata na nyingine ya kuomba radhi.

(Kama unatumia mulika mwizi, hebu angalia chako sasa hivi. Tutangoja.)

Njia ya pili ni kupima malipo halisi ya wateja, bila kuangalia nani amelipa nini: ombi limeingia saa ngapi, menyu imejibiwa baada ya muda gani, kituo cha SMS kimethibitisha saa ngapi kwamba meseji imefika. Simu zetu za majaribio hutuamsha usiku wakati watu wamelala na hakuna wa kulalamika. Malipo halisi hutuonyesha mahali ambapo hatuna simu ya majaribio, na hayo ndiyo maeneo mengi. Njia moja bila nyingine ni kuangalia kwa jicho moja.

Pia tunahesabu kitu ambacho zamani tulikichukulia kama biashara nzuri: mtu yuleyule kumlipa mtu yuleyule kiasi kilekile mara mbili ndani ya dakika chache. Ikitokea mara moja moja, ni kawaida. Ikiongezeka ghafla mtaa mmoja, huo ni moshi, na tunaenda kutafuta moto hata kama skrini ni kijani.

Kwa nini programu inagoma wakati nyota na reli inafanya kazi

Hili swali tunaulizwa kila wiki. Programu ya simu hutumia intaneti, na intaneti ina barabara zake. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Ni mbali sana na Mombasa, lakini huku Kenya, Tanzania na nchi jirani intaneti ilikuwa nzito, wengine wakakosa kabisa. Nyaya nyingine zilizobaki zililazimika kubeba mzigo wote, na mzigo ukizidi barabara kila mtu anatambaa.

Programu ya malipo inaweza kuwa na kipande kinachohifadhiwa ng'ambo, labda picha tu za ukurasa wa kwanza, na kipande hicho kikichelewa unaona duara linazunguka ingawa mitambo ya malipo iko hapa nchini na haina shida. USSD haihitaji kuvuka bahari kukufikisha kwa mtoa huduma wako. Lakini nayo ina udhaifu wake: mnara ukilemewa, kama pale uwanjani mechi ikiisha au stendi ya matatu jioni, au stima ikipotea na betri za mnara zikaisha, haikuachii njia. Kwa hivyo programu ikigoma jaribu nyota na reli, na nyota na reli ikigoma jaribu programu kwa WiFi. Ila tafadhali, kabla ya kujaribu njia ya pili, soma sehemu inayofuata.

Ikikwama mkononi mwako

Jambo la kujua kwanza ni hili: ilikwama kabla ya PIN au baada ya PIN? Kama menyu ilikatika kabla hujaweka PIN na kukubali, hakuna pesa iliyotoka. Anza upya bila wasiwasi. Kama ilikatika baada ya PIN, chukulia kwamba ombi limefika mpaka uone ushahidi mwingine. Hapo usilipe tena. Angalia salio. Kama salio limepungua kwa kiasi hicho pamoja na ada, malipo yamepita, na kinachokosekana ni meseji tu. Kama salio liko vilevile, ngoja kidogo uangalie tena, kisha fungua taarifa fupi ya miamala ya mwisho. Hiyo taarifa husoma kitabu chetu moja kwa moja, haingoji SMS.

Kama salio nalo linakataa kufunguka, hapo tunakubali huna pa kushika. Ukiweza, lipa kwa pesa taslimu, kisha ufuatilie yale malipo ya kwanza baadaye. Ni afadhali kuliko kubonyeza mara tatu.

Wewe muuzaji, una mtihani wako. Mtu amesimama mbele yako anasema amelipa, kwako hakujaingia kitu, na anakuonyesha meseji kwenye simu yake. Usiangalie simu yake. Angalia yako: salio la duka lako au orodha ya malipo yaliyoingia. Matapeli wanapenda sana siku ambazo meseji zinachelewa, kwa sababu siku hizo wewe mwenyewe umeshazoea kuamini bila kuona. Meseji ya uongo inaweza kuandikwa ikafanana na yetu mpaka nukta ya mwisho, lakini haiwezi kubadilisha salio lako. Na kama ni mteja unayemfahamu na umeona pesa yake imeingia mara mbili, usitumie nambari yako kumrudishia kabla ya kuhakikisha kwenye orodha kwamba kweli ziko mbili. Kuna wanaopiga simu wakilia eti wametuma kimakosa, na hawajatuma kitu.

Mengine bado yanatushinda

Baada ya kisa cha Kangemi tulitaka kuweka kizuizi: ukilipa kiasi kilekile kwa mtu yuleyule ndani ya dakika chache, mfumo ukatae. Wazo likafa kwenye matatu. Ukimlipia rafiki yako nauli, makanga anapokea 50 yako na 50 ya rafiki, nambari ileile, dakika ileile. Tukizuia, tunawaacha watu stendi. Kwa hivyo tumeweka swali badala ya kizuizi: menyu inakuambia tayari umelipa kiasi hiki muda mfupi uliopita, na inauliza kama unataka kuendelea. Tatizo ni kwamba swali linachukua ukurasa mmoja zaidi wa menyu, na ukurasa mmoja zaidi ni nafasi moja zaidi ya maongezi kukatika. Tunalipima bado.

Na kuna sehemu ya safari ambayo haiko mikononi mwetu, yaani mnara na kituo cha SMS. Mamlaka ya Mawasiliano hupima ubora wa mitandao ya simu kwa kuzunguka kaunti na vifaa vya kupimia, na hilo linasaidia. Sisi kazi yetu ni kuwaonyesha wenzetu wa kampuni za simu saa na mahali meseji zilipolala. Zamani tulikuwa tukiwaambia "wateja wanalalamika". Siku hizi tunawaambia mtaa gani, kuanzia saa ngapi, na meseji zilichelewa kwa muda gani. Majibu huja haraka zaidi.

Hapo ndipo tunakuhitaji. Ukitupigia ukisema "mtandao unasumbua", tunaanza kutafuta Kenya nzima. Ukituambia ulikuwa stendi ya Kangemi karibu saa moja na nusu jioni, ulitumia nyota na reli kwa laini ya kampuni fulani, ulishaweka PIN, na maneno ya mwisho kwa skrini yalikuwa haya, tunaweza kufuata ombi lako hatua kwa hatua mpaka mahali liliposimama. Kama unayo nambari ya muamala, bora zaidi. Kama huna, saa na kiasi vinatosha. PIN hatuihitaji, na anayekuuliza PIN akijifanya anafuatilia malipo yaliyokwama si mtu wetu, hata akikutajia kiasi na saa kamili.

Yule mteja wa Kangemi tulimpigia baadaye kumweleza tulichopata. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama simu moja ya majaribio inaweza kuwekwa kwa lile duka la gesi. Iko hapo sasa, nyuma ya mitungi, na mwenye duka ndiye anayetukumbusha betri yake inapoanza kufura.